Mwatime katika Nchi ya Sijambo

Mwenye haraka zake na atangulie, hadithi hii ni ya waliokwisha kukaa. Inahusu nchi iitwayo Sijambo, ambayo haimo katika ramani yoyote na wenyewe hawaoni hasara, na mwanamke aitwaye Mwatime aliyefika huko akiwa na begi moja na hamu kubwa ya kupumzika. Alifikaje? Alifika. Habari za njia tuwaachie wanaouza tiketi.

Sababu ya safari ndiyo ya kueleza. Mwatime alipokuwa na miaka minane uvimbe ulimwota kichwani, nyuma kabisa, juu kidogo ya shingo. Madaktari wakampasua wakautoa, kisha wakammulika kwa mionzi kichwa kizima na uti wa mgongo wote, ili masalia yasipate pa kujificha. Akapona. Lakini mifupa ya mgongo iliyomulikwa ilikataa kurefuka, akabaki na kimo cha mtoto wa darasa la tano mpaka ukubwani. Akawa mwalimu wa chekechea, na wazazi wageni wakawa wanamuuliza mwalimu yuko wapi. Hilo alikwisha kulizoea, hata lilimchekesha.

Asilolizoea ni kliniki. Kila mwaka alikalishwa kwenye benchi, akapapaswa shingo, akaingizwa kwenye mashine, na kuambiwa maneno yale yale: mwanga uliokuponya ulipita mahali pengi, na huko ulikopita, miaka mingi baadaye, kwa watu wachache, huota saratani nyingine kabisa, ikionwa mapema huondolewa. Mwatime alichoka kuangaliwa. Alitaka kuwa mtu wa kawaida, anayeumwa kichwa akanywa chai kikapoa. Aliposikia kwamba iko nchi ambako aliyepona amepona, hakuuliza mara mbili.

Na nchi yenyewe ni nzuri, nisiifiche. Mitaa imefagiwa, mikate inatoka tanuruni ingali na moshi, na watu wana nafasi ya kuongea. Alipanga chumba kwa Bi Raha, mjane mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyempokea kwa sinia la wali na kumwambia, "Kula mwanangu, hapa hatuhesabiani vijiko."

Desturi ya kwanza aliyokutana nayo ilikuwa ya salamu. Kwetu mtu akiulizwa hujambo hujibu sijambo, hata akiwa amebebwa kwenye machela, kisha ndipo huanza kueleza jino, mgongo na mkwe. Kule salamu huishia hapo hapo, tena kwa sheria. Kifungu kinasema kwamba aliyejibu sijambo ametangaza hana jambo, na aliyekwisha kutangaza hana jambo hawezi tena kuwa nalo ila kwa kusema uongo. Watu wa kule si waongo. Kwa hiyo hawana mambo.

Kesho yake akaja Bwana Hamdani, Afisa Shukrani wa mtaa, mwanamume mrefu aliyevaa suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na kitambaa cha manjano shingoni. Alikuwa amesikia kwamba mgeni ni mtu aliyemulikwa utotoni.

"Nasi tunayo Taa," alisema kwa fahari. "Watoto wenye uvimbe kichwani hupelekwa kwenye Taa, na wengi hupona. Anayepona huitwa Mshindi, akavishwa kitambaa hiki mpaka mwisho wa maisha yake. Mimi ni Mshindi. Bi Raha ni Mshindi. Na wewe, bibie, tumeona uwe Mshindi wa heshima."

Akamfunga kitambaa. Washindi, alimweleza, hawapangi foleni ya mkate, na harusini hukaa mbele. Mwatime alifurahi, maana kwao hakuna aliyewahi kumpa hata kiti. Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu haachi kuuliza.

"Na afya zao, Bwana Hamdani?"

"Wameshapona."

"Nauliza ya sasa."

"Sasa wameshapona. Neno kupona, hapa kwetu, lina wakati uliopita tu."

"Hakuna aliyeugua tena ukubwani?"

"Wapo waliofariki," alikiri afisa. "Kila mtu hufariki."

"Kwa maradhi gani?"

"Ya kufariki," alisema Bwana Hamdani, akatazama saa yake. Kuuliza zaidi ya hapo kulikuwa na jina katika sheria zao. Kuliitwa kuitukana Taa.

Mwatime hakuuliza zaidi, na nasema kweli, hakutaka. Alipata kazi ya kufundisha watoto nyimbo, jioni akacheza karata na Bi Raha na majirani, akanenepa mashavu. Benchi la kliniki lilimtoka akilini kama vile halikuwahi kuwapo. Alikuwa na raha, raha ya kweli, na akaanza kutazama nyumba za kununua.

Ndipo asubuhi moja, akijifunga kitambaa mbele ya kioo, kidole chake kikagusa kitu chini ya koo. Kilikuwa kigumu, ukubwa wa kokwa ya tende. Akameza mate, kikapanda na kushuka pamoja na koo. Alijua ni mahali gani pale, kwa maana ndipo vidole vya nesi wa kwao vilipokuwa vikikawia kila mwaka.

Akakaza kitambaa, akaenda kazini. Njiani wakamuuliza hujambo, akajibu sijambo, na kila alipolijibu lile neno alihisi limekwama pale pale palipokuwa na kokwa. Akajiambia ni baridi, ni mafua, ni wali wa Bi Raha. Alijua pia kwamba akinyamaza ataendelea kuwa na karata, nyimbo na nyumba yenye baraza pana, na akisema atavipoteza vyote. Alinyamaza mpaka chakula cha mchana cha Ijumaa kikamshinda kumeza, si kwa uvimbe bali kwa hofu.

"Bi Raha," alisema, "nina jambo."

Bi Raha aliweka upawa chini, akainuka, akafunga madirisha yote mawili. "Wee Mwatime! Neno hilo halitamkwi madirisha wazi."

Mwatime akafungua kitambaa, akamwonyesha. Yule mama hakusogea. Kicheko chake chote kilikuwa kimekwenda.

"Nilikuwa na shoga yangu, Kibibi," alisema polepole. "Mshindi mwenzangu, tulilazwa kitanda kimoja utotoni, yeye kichwani, mimi miguuni. Kila nikimwona, kitambaa amekifunga juu zaidi. Nikamwambia hujambo Kibibi, akanijibu sijambo Raha, tukanywa chai. Mwishowe kikawa hakifungiki. Tukamzika kwa heshima zote, Bwana Hamdani akasema amekufa kwa kufa. Mimi nilikuwa nimeona, mwanangu. Nilikuwa nimeona na nikanywa chai." Akalia, kisha akajifuta na upindo wa kanga. "Haya, vaa viatu. Twende."

Mji wa Sijambo una hospitali mbili zinazotazamana, na katikati yake barabara. Upande huu ni hospitali ya wakubwa. Upande wa pili ni ya watoto, yenye Taa, na mlango wake umejengwa kwa kimo cha mtoto. Sheria yake ni nyepesi: apitaye bila kuinama ni wake, na anayehitaji kuinama si wake. Madaktari wa watoto wanaishi humo humo ndani na hawatoki. Mtoto akipona hutolewa kwa ngoma, wao wakapunga mikono dirishani, mambo yakaishia hapo.

Walianzia kwa wakubwa. Karani wa mapokezi alisikiliza kwa adabu.

"Umewahi kuugua nini huko nyuma?" aliuliza.

"Uvimbe kichwani. Nikamulikwa, na mwanga ukapita shingoni."

"Ah, basi hilo ni jambo la utotoni. Vuka barabara."

"Lakini mimi ni mtu mzima."

"Nakuona. Ndiyo maana kule hawatakupokea."

Neno jambo lilikuwa limeshatamkwa hadharani, tena na karani, kwa hiyo Bwana Hamdani aliitwa, akaja na wajumbe wa Baraza la Shukrani, na kikao kikakaliwa pale pale barabarani. Nieleze ukweli kwamba walikaa kwa utulivu na kila mtu alipewa zamu. Hawakuwa watu wabaya.

"Mgeni anadai ana uvimbe wa pili," alianza mjumbe mwenye miwani. "Ukisema wa pili, umesema wa kwanza haukwisha. Na ukisema haukwisha, umeitukana Taa."

"Wa kwanza uliisha," alisema Mwatime. "Huu ni mwingine."

"Kama ni mwingine, basi ni wa kwanza," alisema mjumbe mwenye kofia. "Na kama ni wa kwanza, hauna cha kuhusiana na Taa. Hospitali ya wakubwa impokee, mradi asiseme kitu juu ya utoto wake."

"Tutajuaje pa kutazama kama hasemi?" aliuliza karani.

"Mtatazama kila mahali."

"Hatuna watu wa kutazama kila mahali," alisema karani, na hoja yake ilionekana nzito.

Wakashauriana. Mwishoni mwenye miwani akasoma uamuzi: ugonjwa wa Mwatime si wa utotoni, kwa kuwa yeye ni mtu mzima, wala si wa utu uzima, kwa kuwa ulianzia utotoni, kwa hiyo Mwatime hana ugonjwa. Watu walipiga makofi, wengine wakaja kumpa mkono kwa kupona haraka namna ile. Bwana Hamdani naye alimpa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na wa pili alikuwa ameuweka juu ya kitambaa chake mwenyewe.

"Rudi nyumbani, bibie," alisema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Ukianza wewe, sote tutaanza."

Mwatime alitaka kulia na alitaka kucheka. Akageuka, akautazama ule mlango mfupi upande wa pili. Akakitazama kizingiti cha juu. Akajitazama.

Akavuka barabara. Mlinzi alinyanyua mkono kumzuia, akashindwa kupata sababu, kwa maana mwanamke huyu aliingia wima, kichwa juu, na kizingiti hakikugusa hata kilemba. Kimo alichopunjwa na mwanga ndicho kilichompitisha. Nyuma yake Bi Raha alipiga kigelegele kilichowafanya wajumbe kushika kofia zao.

Ndani kulikuwa na ukumbi safi wenye picha za samaki ukutani, na daktari mzee amekaa kwenye kigoda akimfunga mtoto kamba za viatu. Jina lake Daktari Faraji. Hakuinua uso.

"Umepotea, mwanangu? Wodi yako ipi?"

"Sina wodi, daktari. Mimi nilishatoka."

Hapo akamtazama. Aliziona zile mvi mbili tatu zilizochungulia kilembani, akaliona na pengo dogo la nywele nyuma ya sikio, ambako mwanga hupita. Viatu vya mtoto vikamtoka mikononi.

"Wewe ni mmoja wao," alisema. "Na ni mtu mzima."

"Si wa hapa. Nilimulikwa kwetu. Lakini ndiyo, mmoja wao."

"Kaa, kaa. Sijapata kumwona hata mmoja akiwa mkubwa." Akamvutia kiti, akamtazama kama mtu anayesoma habari njema mara ya pili. "Unakula vizuri? Una kazi? Umeolewa? Kusoma kulikuwa kugumu? Nilikuwa nawaza sana habari za kusoma."

Mwatime alimjibu yote. Alikuwa mwalimu, kuolewa aliolewa, akaachika, na kosa halikuwa lake, kusoma kulikuwa kugumu na alimaliza. Mzee alicheka kwa kila jibu. Ilikuwa vigumu kumkatiza mtu mwenye furaha namna ile, lakini alimkatiza. Akafungua kitambaa, akamweleza mwanga ulipopita na kinachoweza kuota huko baada ya miaka.

Daktari Faraji aliviokota vile viatu vya mtoto, akaviweka magotini.

"Kwa hiyo tuliwadhuru," alisema.

"Mlituponya," alisema Mwatime. "Na mwanga ulipita. Yote mawili ni kweli, daktari, wala moja halimfukuzi mwenziwe. Bila ile Taa nisingekuwa na shingo ya kuja kukuonyesha."

Mzee akafuta macho, akasogea, akaweka vidole viwili chini ya koo la Mwatime. "Meza mate," alisema. Mwatime akameza. Mzee akapapasa tena, kwa makini. "Kipo. Ni kidogo na kinatembea, hakijashika pembeni. Hicho ni cha kutolewa, na kikitolewa sasa utazeeka. Hapa hawatakupasua mpaka wamalize kubishana. Rudi kwenu, ambako wanajua ulimulikwa wapi na kiasi gani. Nenda kesho."

Mwatime alikuwa amekuja nchi ile ili asisikie maneno kama hayo, na aliyasikia yakamtua. Hofu haikwisha, ila ilipata mahali pa kukaa.

"Na wale wangu?" aliuliza daktari. "Wako wapi?"

"Barabarani, daktari. Wamejifunga vitambaa."

Mzee akakibeba kile kigoda mkononi, akainama, kwa shida ya magoti, akatoka mlangoni. Watu wakampisha. Alikiweka kigoda katikati ya barabara, mahali pasipo pa watoto wala pa wakubwa, akasimama kando yake.

"Daktari," alisema Bwana Hamdani, "hii ni kutoshukuru. Hii ni kuitukana Taa."

"Taa nilikuwa naiwasha mimi, mwanangu," alisema Daktari Faraji. "Haijanilalamikia. Nani wa kwanza?"

Bi Raha alikwisha kukaa. Daktari alimkagua uso, akatabasamu. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimwaga uji chini ya kitanda."

"Ulikuwa hauna sukari," alisema Bi Raha, na machozi yakamwagika mpaka kwenye kitambaa.

Mwatime alirudi kwao. Wakampasua, wakakuta ilikuwa saratani kweli, changa, imejikunyata ndani ya tezi ya koo, wakaiondoa pamoja na tezi yenyewe. Akapewa kidonge cha kufanya kazi ya tezi hiyo, cha kumeza kila asubuhi maisha yake yote, akabaki na kovu jembamba kama mkunjo wa ngozi. Sauti ilimkauka kwa muda, kisha ikarudi, na watoto wa chekechea wakajua kwamba imerudi. Alipoitwa tena kliniki alikwenda na maandazi, akawagawia wenziwe wa benchi.

Alipopata nguvu alikwenda Sijambo kusalimia. Alikuta kigoda bado kiko barabarani, na mabenchi yameongezwa. Baraza lilikuwa limekaa vikao vingi na kufikia uamuzi kwamba kigoda si hospitali, kwa hiyo anayekaa juu yake hajatibiwa na hakuna sheria iliyovunjwa. Wajumbe walikuwa wameridhika sana. Bi Raha alikuwa mzima, na kitambaa chake cha manjano alikitumia kushikia sufuria.

Bwana Hamdani alikuwa pale. Alikuja kila siku, akapanga watu mstari ulionyooka, akawahimiza wasisukumane, na yeye mwenyewe hakukaa hata siku moja. Alipomwona Mwatime bila kitambaa, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kovu.

"Iliuma?" alinong'ona.

"Iliuma kidogo, ikaisha," alisema Mwatime. "Kungoja ndiko kuliniuma zaidi."

Afisa alitazama kushoto, akatazama kulia. Kigoda kilikuwa kitupu kwa kitambo. Akakaa kigodani wima, kama anayepigwa picha, akafungua kitambaa taratibu, fundo baada ya fundo. Shingo chini yake ilikuwa nyeupe kwa kukosa jua.

"Hamdani," alisema daktari. "Ulikuwa hukubali kuingia kwenye Taa mpaka nikushikie kiatu chako kimoja."

"Cha kushoto," alisema Bwana Hamdani.

"Meza mate."

Hakuweza. Kinywa kilikuwa kikavu. Bi Raha akamletea maji katika kikombe cha bati, akanywa, na vidole vya mzee vikafuata koo likipanda na kushuka. Vikarudi tena. Vikakawia upande mmoja, na Mwatime akajikuta ameshika mkono wa Bi Raha kwa nguvu. Kisha vikaondoka.

"Hamna kitu," alisema Daktari Faraji. "Njoo tena mwakani."

Bwana Hamdani aliinuka, akanyoosha suti, akashukuru kwa maneno rasmi yanayofaa. Akaenda hatua chache, kitambaa kikimning'inia mkononi. Akasimama. Akarudi, akasubiri mama mmoja amalize kukaguliwa, akainama mpaka sikioni kwa mzee.

"Daktari," alisema, "mwakani lini?"